Jaribio la Elfu Moja Mia Nne la Kulifikia Lango

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ameshindwa kufika lakini kiti chake kipo na maji yake tumeshayamimina. Waheshimiwa Wakuu wa Vitengo, Wasaidizi wa Wakuu wa Vitengo, na wale wanaokaimu nafasi za Wasaidizi. Mwenyekiti wa Kamati Tendaji ya Lango, na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuifuatilia Kamati Tendaji, ambao wote wawili, kwa neema ya Mungu, ni mimi. Viongozi wetu wa dini mliotufungulia kwa sala. Wafanyakazi wenzangu wa masjala, wahudumu, madereva, walinzi wetu mlioko mlangoni. Wazee, akina mama, na nyinyi nyote mliosimama kwa sababu viti vimekwisha: amani ya Mungu iwe juu yenu. Hamjambo? (Hatujambo.) Habari za afya? Habari za nyumbani, watoto wanaendeleaje, na yale magoti ya ndugu zangu wa ghorofa ya tatu yana hali gani tangu lifti iharibike? (Mguno kutoka upande wa ghorofa ya tatu.) Mkiniuliza mimi, sijambo, presha imeshuka, namshukuru Mola. Mama watoto wangu anawasalimu. Ameniambia nisiseme sana, nami nimemwahidi nitajitahidi, na ahadi ni deni, ingawa hakutaja tarehe. (Kicheko.)

Kwanza mniwie radhi kwa meza hii. Imeshushwa na watu sita kutoka ofisini kwangu kwa sababu mimi nisipoegemea meza yangu mwenyewe maneno hayaji, na pia kwa sababu ina ushuhuda. Meza hii kwa miaka minne ilikuwa ikitikisika. Ukiweka kikombe, chai inamwagika; ukitia saini, jina linaenda kombo. Wiki ileile mradi wetu ulipoanza, niliinama mimi mwenyewe na tumbo langu hili, nikaokota karatasi iliyokuwa karibu, nikaikunja mara nane, nikaishindilia chini ya mguu wa kushoto, na tangu siku ile, ndugu zangu, meza imetulia tuli kama kondoo. Imepigwa nta ya sakafu mpaka karatasi ikaganda kwenye mguu, hata leo imeshuka nayo ngazi zote. Nikasema moyoni, Bwana, hii ni ishara. (Amina, kutoka safu ya mbele.)

Sasa nije kwenye mada. Mimi si msomi wa kutisha. Darasani nilifika nilipofika, na pale nilipoishia Mungu akanisukuma kwa mkono wake mpaka kwenye kiti hiki. Ndiyo maana mtaalamu akija na maneno yake mazito namwambia, hebu nieleze kama unavyomweleza mama yako mzazi. Nanyi nitawaeleza hivyohivyo. Katika mchakato wetu shirikishi wa kuboresha utoaji huduma kimkakati, tulikusudia mfanyakazi wa kituo cha mbali aweze kuitumia kompyuta ya hapa makao makuu akiwa amekaa kulekule aliko, picha yake yote ikamjia kwenye skrini yake, akafungua majalada na kumhudumia mwananchi bila kututumia bahasha kwa basi na kungoja siku tisa. Wataalamu wanaiita remote desktop. Ili wasiingie wezi, panakuwa na lango, yaani seva ya kuuliza wewe nani na nani kakuruhusu. Na ile programu yetu ya kulitafuta lango tumeiweka ndani ya kontena, ambalo ni kichumba cha programu ndani ya seva, kina kuta zake na vitu vyake, na kilichomo humo hujiona kiko peke yake duniani. Ukibonyeza kitufe cha Unganisha, ombi linatoka kwenye kichumba kwenda kubisha langoni. Mpaka hapo tuko pamoja? (Tuko pamoja. Mtu mmoja anauliza jambo, anakalishwa.)

Basi, nijivunie kidogo, maana asiyejisifu husifiwa na adui zake, tena vibaya. Kwa miezi kumi na moja mfululizo, mara sita kila siku ya kazi, Kamati imekutana mbele ya kompyuta ile, ikahesabu akidi, ikaomba, ikabonyeza, ikaandika muhtasari. Mpaka jana tumetimiza majaribio elfu moja mia tatu tisini na tisa. Na katika majaribio hayo, naomba waandishi mliopo muandike vizuri, mashine imetujibu mara elfu moja mia tatu tisini na tisa, sawa na asilimia mia moja. (Makofi.) Haijatunyamazia hata siku moja. Jibu lenyewe ni lilelile, kwamba lango halipatikani, na uthabiti wa namna hiyo, niambieni, ni idara ngapi zinao? (Makofi makubwa.)

Wala hatukukaa mikono mifukoni; tumechukua hatua ishirini na tatu. Tumebadilisha paswedi mara kumi na tisa. Fayawoli, ule ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandao, tumeifunga, tukaifungua, tukaifunga tena kwa muda wa maombi. Waya zimefutwa vumbi na kuvikwa lebo. Kontena tumelifuta na kuliumba upya mara nne, na mara zote nne limezaliwa na ugonjwa uleule wa marehemu. Tumeendesha semina elekezi ya siku tano ya kujengeana uwezo wa kubonyeza, na washiriki wote walifaulu. Hatua ya ishirini na tatu ni fulana hizi mlizovaa, mia tatu kwa idadi, zenye namba ya lango letu kifuani, moja ishirini na saba, nukta sifuri, nukta sifuri, nukta moja. Namba hiyo niliiona kwenye faili la mipangilio wiki ya kwanza, ikanipendeza, ina sifuri zake mbili katikati zimetulia, nikaamuru ichapishwe kwenye fulana, kwenye kalenda na kwenye bango hili lililo nyuma yangu, na nikatoa waraka kwamba mtu yeyote asiiguse. (Makofi. Kina mama wa masjala wanapigapiga vifua kuonyesha namba.)

Sasa, ndugu zangu, nimeongea vya kufurahisha, niseme na linaloniuma. Katika mfuko wangu wa kushoto, hapa karibu na moyo, kuna barua. Ni ya kumwachisha kazi fundi wetu wa netiweki, yule tunayemwita Mama Pacha, aliyetumikia idara hii miaka kumi na miwili na kuwalea wale pacha wake peke yake kwa mkono huohuo unaoshika bisibisi. Nitaisoma mwisho wa hotuba. (Minong'ono.) Najua, najua. Hata mimi jana chakula hakikushuka, na mama watoto wangu akaniambia, baba, mtu mmoja hawezi kulaumiwa kwa mashine inayojibu kila siku. Lakini Mgeni Rasmi aliagiza kwamba leo lazima apatikane mwenye kosa, na Kamati ilipopiga kura ya mwenye kosa, wajumbe wote tulikuwa na udhuru.

Tena si kwamba Mama Pacha hana makosa. Ameniandikia mara tatu, na mara zote tatu mstari mmoja, kwamba namba ile ni ya kujaribia tu. Mstari mmoja kwa mkurugenzi wa idara, hapo mkurugenzi asome nini? Nikamwita ofisini, nikamkaribisha kiti, nikamwuliza pacha hawajambo, akasema hawajambo. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mzee, hiyo namba kila mashine huitumia kujiita yenyewe. Kontena linajipigia hodi lenyewe, halafu linajijibu kwamba hakuna mtu." Nikamwuliza, sasa fulana nizifanyeje? (Kicheko.) Akaniuliza kama ile fomu yake ya mwanzo niliisoma. Nikamwambia hapa fomu husomwa kwa zamu. Akainuka, akasema asante mzee, akaenda, na kusema kweli nilimwonea huruma, maana mtu anapotwanga maji kwenye kinu anastahili kuonewa huruma.

Basi, kabla ya barua, tufanye jaribio la elfu moja mia nne hadharani, na abonyeze yeye, isije ikasemwa hakupewa nafasi. Mama Pacha, karibu mbele. Msisukumane, mpisheni. (Anapita katikati ya watu. Kompyuta haiwaki.) Haiwaki? Aa, soketi iko sakafuni, upande wangu huku. Piga magoti tu mama, usijali, miguu yangu naisogeza. Wakati anachomeka waya, ndugu zangu, niwaeleze rodimapu, yaani ramani ya safari yetu, ya awamu ya pili, ambapo tunatarajia kuongeza majaribio kutoka sita mpaka kumi na mbili kwa siku, na kuanzisha dawati la kupokea malalamiko ya wanaolalamikia dawati la malalamiko, sambamba na

(Meza inatikisika. Maji ya Mgeni Rasmi yanamwagika kwenye hotuba.)

Nani amegusa meza? Mama Pacha, una nini huko chini? Toka, toka tuzungumze. Hiyo karatasi irudishe mama, ndiyo iliyotuletea utulivu. Unasemaje? Sema kwenye maikrofoni, wenzio hawasikii. (Sauti yake haisikiki.) Ndugu zangu, anasema ameitambua kwa pembe iliyochomoza. Anasema ni mwandiko wake. Hebu ilete, miwani yangu iko wapi, asante dada. Imeganda kwa nta lakini inasomeka. Mimi sifichi jambo, nitaisoma yote kama ilivyo, uwazi na uwajibikaji ndiyo nguzo yetu ya pili.

"Kwa Mkurugenzi. Ombi la kununua seva ya lango, moja. Kwa sasa idara haina lango. Nimeweka namba ya kujijaribia ndani ya kontena ili tuone kama kitufe kinabonyezeka. Seva ikishanunuliwa nitaweka namba halisi. Naomba saini yako hapa chini ili inunuliwe. Bei hii itadumu siku thelathini."

Halafu pana mstari. Halafu juu ya mstari hapana kitu.

Mama Pacha, nisaidie, mimi ni mtu mzima, presha unaijua. Idara haina lango, maana yake haina lango zuri? Anasema haina. Yaani limeharibika? Anatikisa kichwa. Huenda lipo ghorofa ya chini, kule nyuma ya majenereta, hatukuangalia vizuri? Sema tu mama, leo hakuna wa kukukemea.

"Halipo popote, mzee. Halijawahi kuwepo."

(Mtu mmoja anaanza kupiga makofi, anaacha.)

Na wewe siku zote ulikuwa unajua. Anasema aliandika. Ni kweli, aliandika, na mimi nikakalia, au tuseme meza ikakalia. Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Bonyeza mama, bonyeza hiyohiyo, tumalize ratiba. (Anabonyeza.) Haya, imejibu. Lango halipatikani. Mnaona? Elfu moja mia nne. Mashine hii maskini imetuambia ukweli mara elfu moja mia nne bila kubadilisha hata neno, ikiwa imefungiwa kwenye kichumba chake peke yake, na sisi huku nje tukawa tunaiombea ipone. Mungu anisamehe. Mzee wa sala, nawe utusamehe, umetuombea maji yatoke kwenye bomba ambalo hatukulinunua. (Mzee wa sala anainamisha kichwa.)

Nimekwisha kuisaini fomu, mmeniona, hapa juu ya meza hii inayoyumba, na jina limekwenda kombo lakini ni langu. Zile siku thelathini zilipita zamani, basi itaanza upya, itapita ngazi zake. Mama Pacha bado amesimama ananitazama, na sasa ananiuliza taratibu, na ile barua je?

Barua iko hapa, mama. Ngoja niitoe. Ni karatasi nzuri, nzito, ina mhuri. Naikunja mara moja, mara mbili, nne, nane. Dada, nishikie miwani, nainama. (Anainama. Anakawia.) Hapo. Jaribu kuitikisa. Haitikisiki, eti? Basi barua imepata kazi yake, mama, na wewe umebaki na yako. Wasalimie pacha. (Makofi, yanaanzia kwa madereva, yanaenea ukumbini.)

Tumalizie kwa kaulimbiu kama ilivyo kwenye ratiba. Lango! (Letu.) Lango! (Minong'ono.) Semeni tu "lipo," ndugu zangu, mabango yalishachapishwa. Lango! (Lipo.) Ahsanteni. Fulana msizitupe, ni pamba safi, mtalalia. Nawashukuru wanakamati kwa mihtasari elfu moja mia nne, naishukuru seva, nalishukuru kontena kwa uvumilivu wake, na zaidi ya yote nawashukuru nyinyi mliotembea nami miezi kumi na moja kwenda kubisha hodi mahali ambapo hapakuwa na mlango wala nyumba. Vituo vya mbali viendelee na bahasha na basi mpaka vitakaposikia kutoka kwangu.

Na mimi nasubiri kusikia kutoka kwenu. Mwenye kujua wapi zinauzwa seva za lango, au aliye na nakala ya orodha ya bei ambayo haijapita siku thelathini, tafadhali anijibu mapema. Nipo ofisini, ghorofa ya tatu, mlango uko wazi.