Moyo wa Moshi Juu ya Jiko Langu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maonyesho ya Ndege,
Uwanja wa Ndege.

Ijumaa

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MOYO WENU MLIOUCHORA JUU YA JIKO LANGU JUMAMOSI ILIYOPITA, SAA NNE NA DAKIKA ISHIRINI ASUBUHI

Natumaini kamati yote ni nzima na masikio yameanza kuzibuka. Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na karani wa masjala kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa. Barua za malalamiko nazipokea kwa kazi: nazipiga muhuri, nazipa namba, naziingiza kwenye jalada. Hii ndiyo ya kwanza kuiandika mwenyewe, kwa hiyo mjue maji yamenifika shingoni. Jina langu silitaji kwa sababu mmeshanitangaza vya kutosha. Nyumba yangu ni ile ya geti la bluu, na marubani wenu, kama inavyosemekana huku mtaani, hawahitaji kuelekezwa.

Siku ya maonyesho mimi sikuja. Nilibaki nyumbani kufua mashuka. Mume wangu, ambaye ni mpima ardhi, ndiye aliyekuja uwanjani kwenu pamoja na kitinda mimba wetu, akasimama juani tangu saa mbili akitazama ndege za kivita na zile za kizamani mlizozitoa stoo na kuzifuta vumbi. Aliondoka nyumbani akiwa mume wangu wa siku zote. Aliyerudi simfahamu. Yaliyotokea hapo katikati ndiyo malalamiko yangu, na nayapanga kwa namba ili asipatikane wa kusema hakuelewa.

1. Ndege ya kizamani. Saa nne na robo hivi, nikiwa uani naanika, ilipita ile ndege yenu ya zamani yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, inayonguruma kama mashine ya kusaga. Ilipita chini mno, hata nikaiona miwani ya rubani na kofia yake ya ngozi. Ni mzee wa makamo. Akainamisha bawa, akanipungia mkono. Mimi nililelewa, Ndugu Mwenyekiti. Mtu akikupungia, nawe unampungia. Mikono ilikuwa imejaa nguo, basi nikampungia kwa foronya. Sikujua kwamba kumpungia mzee kwa foronya ni kuanzisha jambo.

2. Moyo wenyewe. Dakika tano baadaye zikaja ndege tatu za kivita. Mbili zilipanda pamoja, zikaachana, zikazunguka kila moja upande wake na kukutana tena huku chini, na nyuma yake ukabaki moyo wa moshi mweupe, mkubwa kuliko mtaa wetu. Ya tatu ikapita katikati na kuuchoma mshale. Ncha ya mshale ikaishia juu ya jiko langu. Kwa ufahamu wangu mdogo, ndege hizi zilinunuliwa kwa ajili ya adui. Kama adui tunaye, basi asubuhi ile alikuwa na nafasi nzuri sana, maana waliopaswa kumzuia walikuwa wanachora.

3. Mtangazaji. Yote hayo pengine yangepita kama mtangazaji wenu angefunga mdomo. Vipaza sauti vyenu vinafika kwetu bila shida, na mtaa mzima ulimsikia neno kwa neno: "Na moyo huu, mabibi na mabwana, ni wa yule mmoja aliye huko chini. Anajijua mwenyewe!" Nauliza, nani alimtuma? Mtaa wetu una nyumba arobaini na moja. Nyumba arobaini zilitazama juu, kisha zikanigeukia mimi na foronya yangu.

4. Vipimo. Mwanamke mwingine angekana, yakaisha. Mimi nimeolewa na mpima ardhi. Pale pale uwanjani, wakati watu wazima wenzake wanapiga makofi na vigelegele, yeye alitoa dira mfukoni, akachukua mwelekeo wa ile ncha ya mshale na kuuandika kwenye daftari. Jioni binti yetu mkubwa akarudi kutoka masomo ya ziada, akiwa na picha ya moyo uleule aliyoipiga kutoka dirisha la darasa lao. Masikini mwanangu, hakujua anatoa ushahidi. Baba yake akaondoa vyombo mezani, akatandaza ramani ya mtaa, akavuta mstari mmoja kutoka uwanjani na mwingine kutoka shuleni. Mistari ikakutana juu ya jiko langu. Akachonga penseli, akarudia. Ikakutana palepale. Nilipomwambia huenda amekosea kidogo, alinijibu bila kuinua kichwa kwamba kosa haliwezi kuzidi mita nne. Mita nne kutoka jikoni ni chumbani.

5. Tafsiri ya vipimo. Jumapili alinikalisha na kufungua daftari. Kwa maelezo yake, mzee wa ndege ya zamani alitangulia kuhakikisha nyumba, mimi nikajibu kwa foronya kwamba ni yenyewe, ndipo vijana wakaja kutekeleza. Alitaka pia kujua kwa nini mashuka yalikuwa matatu na ndege zikawa tatu. Nikamweleza kwamba mashuka ni matatu kwa sababu vitanda ni vitatu. Akaandika. Tangu siku hiyo analala kwenye kochi, na asubuhi ananisalimia kwa adabu kama mtu tuliyepanga naye foleni benki.

6. Kazini. Jumatatu nilikuta moyo wa karatasi umebandikwa kwenye trei yangu ya majalada yanayoingia. Tarishi sasa ananipigia saluti. Mkuu wangu wa kitengo, mtu ambaye kwa miaka ishirini na mbili hajawahi kunitania, ameanza kuniita Mama Anga, na barua moja ya nje imeshanifikia kwa jina hilo. Nimelazimika kuipokea na kuipa namba.

7. Wifi yangu. Jumanne akashuka dada mkubwa wa mume wangu na begi la nguo za wiki mbili. Aliketi, akaomba maji, akanywa, akasema: "Wifi yangu, mimi sikuulizi kitu. Nimekuja tu kukaa." Bado amekaa. Kila ndege inapopita, hata hizi za abiria zinazopita kila siku na shida zake, anaacha anachokifanya na kunitazama usoni.

8. Jirani. Hapa naomba msome taratibu. Nyumba ya pili kutoka kwangu anaishi mjane anayeshona sare za shule, tunamwita Mama Cherehani. Siku zote tumeishi kwa kuazimana sufuria. Jumatano alisimama kwenye uzio, mbele ya watu, akaniambia: "Mwenzangu, usijisumbue bure. Moyo ule ulichorwa kwangu, upepo tu ndio uliokuletea." Sijapata kutukanwa namna hiyo. Kwa siku nne nilikuwa nimeukana ule moyo kwa kila kiapo ninachokijua, lakini kusikia kwamba umenifikia kwa makosa, tena ukiwa umeshapita kwa mwingine, damu ilinichemka.

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akatoka ndani na ramani yake. Akamweleza yule mama, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu siku ya harusi yetu, kwamba upepo alishaupigia hesabu, kwamba moshi ulisogea mita tisa tu, tena kuelekea kusini, na kwamba hakuna njia yoyote ya kitaalamu ambayo moyo ule unaweza kuwa wa mtu mwingine isipokuwa mke wake. Wapita njia wakaitikia. Mama Cherehani akarudi kwenye sare zake. Mume wangu akabaki amesimama uani, ramani mkononi, na nilimwona usoni alipogundua ameshinda kitu gani. Akaikunja ramani, akarudi kwenye kochi.

9. Hili la tisa nimelifikiria sana kama niliandike. Nimeishi na bwana huyu miaka kumi na tisa. Ni mtu mwema. Halewi, hafoki, na zawadi zake zote zina kazi: kufuli, ngazi, mpira wa gesi. Katika miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza nilikuwa wapi wala na nani, nami nikajua ni kuniamini. Sasa Jumapili ile, alipokuwa akinihoji kuhusu rubani nisiyemjua, aliikandamiza penseli mpaka ncha ikakatika. Niliumia sana. Halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye wifi ndani ya nyumba na majalada ofisini, hapaswi kuingizwa na kamati katika hali ya kuumia na kufurahi kwa wakati mmoja.

Kwa sababu hizo, naomba kamati yako inifanyie yafuatayo.

Kwanza, kila mmoja wa marubani watatu aandike hati kwamba hanijui, hajawahi kuniona na hana nia yoyote. Ipigwe chapa, nakala tatu, sahihi na muhuri. Yule wa mshale aandike kwa kirefu kuliko wenzake.

Pili, mzee wa miwani athibitishe kwamba humpungia kila mtu. Kama hampungii kila mtu, basi asiandike chochote.

Tatu, mnipe cheti kinachothibitisha kwamba ncha ya mshale iliishia juu ya jiko langu na si kwingineko, nakala kwa Mama Cherehani, kwa maneno makali kidogo. Mtaona wenyewe kwamba ombi hili halipingani na lile la kwanza. Moyo haukuwa wangu, lakini ulikuwa kwangu.

Nne, mwakani mioyo igawiwe kwa haki kwa kufuata namba za nyumba, kuanzia nyumba ya kwanza, na atakayekuwa hayupo siku hiyo asubiri mwaka unaofuata. Hilo likishindikana, chagueni umbo lisiloweza kumletea mtu matata. Napendekeza mraba.

Naomba haya yafanyike haraka. Ndani ya nyumba yangu watu watano wanakula meza moja bila kusemezana, na watoto wameanza kuniomba chumvi kwa ishara. Mimi simtaki mwanamume mwingine yeyote, wa ardhini wala wa angani. Namtaka huyu wa kwenye kochi arudi chumbani, na sijui nimwambie nini aniamini, kwa sababu kila ninachosema anakipima.

Sina chuki na ndege zenu. Watoto walizipenda, na mume wangu mwenyewe, kabla ya saa nne na dakika ishirini, inasemekana alikuwa akicheka. Naomba mnisalimie wanakamati wote, wale wazima moto waliosimama kutwa bila kupata cha kuzima, mafundi wanaozihangaikia hizo ndege za kale, na mzee wa miwani. Mtangazaji msimsalimie.

Wako katika kusubiri jibu,
Karani wa Masjala,
Mwenye Jiko Lililotajwa Hapo Juu.

Nyongeza. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga kwa gundi, nimeifungua kwa mvuke wa birika ili niongeze haya. Mume wangu yuko juu ya paa tangu alfajiri na ndoo ya chokaa. Amevuta kamba za vipimo toka ukingo hadi ukingo na anachora moyo juu ya mabati, mkubwa kadiri paa linavyoruhusu, ili, nanukuu, "wakipita tena wajue hapa pana mwenyewe." Wifi amemshikia mwisho wa futi kamba huku akizitukana ndege kwa ujumla wake. Kila baada ya muda bwana huyu ananiita, kwa sauti ileile ya Jumatano: "Mama watoto, hebu simama hapo getini uniambie, pande zinalingana?" Zinalingana kabisa. Mtu huyu hajui kukosea. Nimemwambia wa kushoto umezidi kidogo, na sasa anaufuta aanze upya, na kila akiinua kichwa ananitazama mimi.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, zile hati za marubani naomba zisiandikwe. Na kama kanuni zenu zinawalazimu kujibu kila barua, basi mjibuni mume wangu mwenyewe, kwa maandishi na muhuri, kwamba uchunguzi bado unaendelea.