Ndege ya Injini Mbili na Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Agosti 1965

Mke wangu Benedeta bado yuko kwao Bulumbi. Kosa langu, kwa maneno yake: nilibadilisha cherehani yake kwa friji ya mafuta ya taa. Kwa maneno yangu: maendeleo. Ni kweli friji bado haijapoza kitu. Inapasha soda moto. Lakini ni friji.

Hoteli bila mke ni taabu. Leo nimesonga ugali mwenyewe. Mteja mmoja ameuliza kama siku hizi nauza matofali.

Osborn amevuka kutoka upande wa Kenya asubuhi, kama kawaida yake, kuangalia maduka yake ya huku Busia, upande wa Uganda. Ameegesha Peugeot mbele kabisa ya mlango wangu. Akauliza kwa upole, "Oguttu, mama watoto anarudi lini?" Upole! Mtu yule anaweza kukutia kidole jichoni huku anakupa pole.

Lakini kuna habari. Muuza maziwa ametoka Bulumbi, anasema shemeji yangu Metrine, yule aliyeolewa Kisumu, amejifungua mapacha. Mama mkwe anataka kuwaona, ila mgongo wake haukubali barabara. Mama mkwe wangu ni Taaka. Mwanamke mkubwa, kwa sauti na kwa mwili. Amesema mbele ya watu: atakayenifikisha Kisumu bila kunivunja mgongo, chochote anachotaka katika boma hili atapewa.

Ninachotaka katika boma lile kinajulikana.

Jumanne, 3 Agosti

Nimepata! Nimepata!

Ilikuwa kwenye gazeti lililofungiwa sukari. Kampuni moja ya Nairobi inauza ndege ndogo kwa wafanyabiashara. Mnunuzi mwenye nia hurushwa kwanza, ajionee mwenyewe. Bure.

Nimeenda Tororo kupiga simu posta. Nimejitambulisha: Mkurugenzi Mkuu, Oguttu na Wanawe. Mzungu wa upande wa pili, Kapteni Pringle, rubani na muuzaji, ameuliza nataka ndege ya injini moja au mbili. Nimejibu moja inatosha, mimi si mtu wa makuu.

Nimerudi nikiimba, nikatuma habari Bulumbi. Ugali wa leo umekuwa laini kidogo.

Jumatano, 4 Agosti

Jibu limetoka Bulumbi. Mama mkwe amekubali kuruka. Lakini ameuliza injini ngapi. Alipoambiwa moja, amesema, "Ikizima huko juu, nani atashuka kusukuma?"

Nimefikiri sana juu ya swali hilo. Mimi sishuki.

Tororo tena. Simu tena. Nimesema nimebadili mawazo, nataka injini mbili. Sauti ya Kapteni imebadilika papo hapo. Jana nilikuwa "Mr. Oguttu". Leo nimekuwa "sir".

Alhamisi, 5 Agosti

Sikulala vizuri. Nimekumbuka kitu ambacho mtu yeyote mwenye adabu angekikumbuka kwanza.

Kwetu, mwanamume hakai na mama mkwe. Hampi mkono. Akimwona njiani anaingia kichakani mpaka apite. Tangu nioe nimejua vichaka vyote vya Bulumbi. Sasa, angani nitaingia kichaka gani?

Simu. Nimemuuliza Kapteni ni ndege ipi ya injini mbili iliyo na ukuta katikati. Ameuliza ukuta wa kazi gani. Nimesema ni mambo ya biashara. Ameeleza kwa subira kwamba anazo aina mbili. Moja ya viti vinne, abiria wanagusana mabega. Nyingine ya viti sita, safu tatu, ila inakunywa petroli zaidi na inataka kiwanja kirefu zaidi. Nimesema bila kusita: sita! Mama mkwe nyuma kabisa, mimi mbele kabisa, na hewa ya heshima katikati.

Ameuliza nafanya biashara gani. Ngozi, nimesema. Samaki. Kisha neno "dhahabu" likanitoka lenyewe. Dhahabu ya machimbo ya Tiira. Kwa kweli nilishawahi kupita Tiira. Nilitumbukia kwenye shimo.

Nilipogeuka, nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Osborn. Ameinua kofia. Amesikia yote.

Jumamosi, 7 Agosti

Simu ya maandishi kutoka Nairobi: ndege itatua Tororo Jumanne. Nipeleke uzito wa kila abiria.

Nani atamuuliza mama mkwe uzito? Nimemtuma muuza maziwa. Amerudi bila kofia yake. Nimeandika kwa kukadiria: "Mama mmoja, wastani."

Jumanne, 10 Agosti

Nitaandika yote.

Uwanja wa Tororo, asubuhi safi, mwamba mkubwa wa mji unatuangalia. Ndege nyeupe, mstari mwekundu ubavuni. Nzuri! Nimeizunguka nikipiga magurudumu mateke, kama nilivyoona wanunuzi wa magari wakifanya. Kapteni Pringle ameniomba niache.

Mama mkwe amefika na gauni la kanisani, unga wa wimbi, mkungu wa ndizi na jogoo wawili. Nimejificha nyuma ya pipa la petroli kwa heshima. Kisha ikaingia Peugeot. Osborn! Suti, kofia, miwani ya jua. Amemwambia Kapteni kwamba yeye pia anatafuta ndege ya kufuatilia biashara zake Kisumu na Eldoret, na siku za mapumziko ampeleke mkewe Mombasa. Anaomba kupanda nasi aangalie tu, kama mwenye dhahabu haoni vibaya.

Mwenye dhahabu ameona vibaya, lakini angesema nini?

Kapteni ameazima mizani ya stesheni ya reli. Tumepimwa mmoja mmoja kama pamba. Mama mkwe amepanda na mshale ukaenda mbio. Kapteni ameangalia mshale, ameangalia karatasi iliyoandikwa "wastani", ameniangalia mimi. Hapo ndipo alipoeleza jambo ambalo tangazo halikusema. Viti ni sita, ndiyo. Lakini tangi zikijaa na jua likiwa kali, ndege haibebi watu sita. Inabeba wanne.

Viti sita, watu wanne! Ni kama hoteli yangu.

Kisha pigo. Kapteni amesema uzito lazima ukae katikati, la sivyo ndege haisimami sawa angani. Osborn mbele naye. Safu ya katikati: mama mkwe na mimi.

Bega kwa bega!

Nimesema haiwezekani. Nimeomba nikae kwenye sehemu ya mizigo. Amesema huko kuna jogoo. Nimesema jogoo hawana shida na mimi. Amekataa. Mwishowe mama mkwe mwenyewe, akiwa amegeuza uso pembeni kama inavyotakiwa, amevua leso yake ya kiunoni na kusema, "Mwambieni huyo mtu afunge hii katikati. Nataka kuona wajukuu." Tumeifunga kutoka darini mpaka kwenye mkanda wa kiti. Kapteni alikuwa na uso wa mtu anayeumwa jino.

Tumepaa. Mungu wangu.

Kwa muda kidogo ilikuwa raha. Tumepita juu ya Busia na nimeiona hoteli yangu, ndogo kama kiberiti, na Peugeot haikuwapo mlangoni. Osborn anauliza maswali. Inakunywa petroli kiasi gani kwa saa? Inahitaji kiwanja cha urefu gani kwenye majani mabichi? Fundi yuko wapi karibu? Mimi nikaona nisiachwe nyuma. Nikauliza kwa sauti ya mkurugenzi: na je, kweli inaruka kwa injini moja?

Kapteni amesema swali zuri sana, sir. Akaizima moja.

Aliizima! Kwa mkono wake mwenyewe! Upande wangu! Pangaboi lilizunguka, likazunguka polepole, likasimama. Nilikuwa naliona waziwazi, limesimama kama fimbo.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Ninajua kwamba nilipaza sauti. Osborn anasema nilisema, "Sinunui! Sina pesa! Sina hata baiskeli! Washa!" Ninajua pia kwamba mikono yangu ilitafuta kitu cha kushika, ikapita chini ya leso, ikashika kitu kikubwa, imara, chenye joto, na ikakumbatia.

Nilipofungua macho, injini ilikuwa imewashwa na mimi nilikuwa nimekumbatia shingo ya mama mkwe wangu.

Jogoo mmoja aliwika.

Yeye hakuniangalia. Alimgusa Osborn begani na kusema, "Mwambie mzungu azime na ile nyingine, nione."

Kisumu, jioni hiyohiyo

Mapacha wazuri, wanafanana na mama mkwe, hasa sauti. Mama mkwe amewashika, amekosoa maji ya kuwaogeshea, amekosoa mkwe wake wa Kisumu, ameridhika, amesema twende nyumbani.

"Twende" haikunihusu mimi. Kapteni amesema jua limekuwa kali zaidi mchana huu na uzito lazima upungue. Ameniangalia mimi peke yangu aliposema uzito. Hajaniita "sir" tena. Nimesimama kwenye majani nikiwaangalia wakipaa. Osborn alinipungia kofia dirishani. Mama mkwe alikaa wima katikati, peke yake, viti vyote viwili vyake.

Kesho nitapanda basi.

Ijumaa, 13 Agosti

Mgongo! Sasa ninaelewa kuhusu ile barabara.

Busia nzima inajua. Watu wanaingia hotelini, wanaagiza chai, wananyoosha mikono wakikumbatia hewa. Angalau wanaagiza chai.

Wazee wa Bulumbi wamekaa kikao. Hukumu: mbuzi dume mmoja na blanketi zito, kwa kumgusa mama mkwe. Wamebishana muda mrefu kama kosa lililotendeka angani limetendeka Bulumbi. Mzee mmoja ameamua: popote alipo Taaka, ndiyo Bulumbi.

Osborn ananunua ndege. Kweli ananunua! Na si ile ya viti sita. Wakati wa kurudi mama mkwe alimuuliza viti visivyokaliwa ni vya kazi gani, kwa nini alishe petroli kiti kitupu. Akachagua ile ya viti vinne, injini mbili, inayotua hata kwenye kiwanja kifupi. Nimekwenda kumwomba shukrani ya dalali, kwani bila mimi asingemjua Kapteni. Amesema anakubali: siku yoyote nikitaka, atanirusha bure.

Nimeaga, nikaenda kutafuta blanketi.

Jumapili, 15 Agosti

Nilikuwa nafua mashuka nyuma ya hoteli, sabuni mpaka kwenye viwiko. Nikasikia mtu jikoni anapekua sufuria na kulalamika. Benedeta!

Nikasema karibu. Akasema karibu wapi, kwangu?

Ameniambia mama yake amemtuma. Mama amesema: tumekuwa na wakwe wengi wa kujisifu, wote wakitoa ahadi, lakini huyu peke yake alitimiza, hata kama ni kwa wizi. Wajukuu nimewashika. Na amesema mtu mwoga kiasi kile hawezi kwenda mbali, rudi ukamwangalie.

Nimeuliza, kwa hiyo nimesamehewa? Benedeta ameuliza, blanketi ni la kijivu au la bluu? Nimesema bluu. Amesema mama anapenda la bluu. Kisha akanigeuzia mgongo, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka akashika meza. Akaniomba nimwonyeshe nilivyoshika shingo. Nikamwonyesha. Hatukufua tena mashuka.

Ameniapisha: hakuna tena simu za Tororo. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Alhamisi, 19 Agosti

Kisima kimekauka, na Jumamosi tuna harusi kubwa hapa hotelini. Kusomba maji kwa ndoo kutatuua.

Sikupiga simu. Kiapo ni kiapo. Juzi niliandika barua, nikampa dereva wa basi. Kuna kampuni Kampala inauza magari ya zimamoto. Mnunuzi akitaka, wanaleta gari kumwonyesha, tangi limejaa maji pomoni.

Dereva amerudi na jibu leo. Wanakuja Jumamosi asubuhi. Wanauliza tu jengo letu refu kuliko yote hapa Busia lina orofa ngapi, ili wajue walete ngazi ipi. Busia nzima haina hata nyumba moja ya orofa.

Nimeandika: tisa.