Mbweha Apandishwa Cheo

Asubuhi ya Jumatatu taifa lilitangaziwa kwamba Biblia sasa itaeleweka. Wizara ilikuwa imeunda Kamati ya Kudumu ya Usimamizi wa Tamathali, ili raia yeyote asije akapata kutoka kwenye Maandiko maana ambayo haijaidhinishwa.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mfasiri mkuu, mama mtaratibu aliyezeekea kwenye Kigiriki na Kiebrania. Alikuta chai imeshapoa na Mkurugenzi wa Kamati ameshapata joto.

“Hapa Yesu anamwita mtawala mbweha,” Mkurugenzi alisema, akigonga ukurasa kwa kalamu.

“Ndivyo alivyosema.”

“Simlaumu. Hakuwa na washauri.”

Mfasiri alieleza kwamba mbweha ni picha. Kwa watu wa enzi zile alikuwa mjanja, tena mnyama duni anayejifanya simba. Ukiitoa picha, unautoa na ukali.

“Ndiyo maana tunaitoa,” alisema Mkurugenzi.

Kamati ikapima mapendekezo. “Kiongozi mwenye mbinu” lilionekana la uchochezi. “Mdau wa wanyamapori” lilipata kura mbili. Mwishowe likapita “mheshimiwa”, neno lisilomuudhi mtu.

“Na mbweha wengine?” mfasiri aliuliza. “Wamo kwingine pia.”

“Kanuni yetu ni neno moja, tafsiri moja.”

“Wote, Mkurugenzi?”

“Wote. Serikali haina ubaguzi.”

Mfasiri alirudi nyumbani akiipima amri ile. Akigoma, kazi ya nusu ya umri wake ingefungiwa kabatini. Akikubali, jina lake lingekaa chini ya upuuzi. Alimsimulia mama mkwe wake, ambaye alisikiliza huku akikunja nguo.

“Umewaambia kwamba wako wengine?”

“Nimewaambia, mama.”

“Basi tii, mwanangu. Ila usitii nusu. Utii wa nusu ndio unaofukuzisha watu kazi.”

Akatii mpaka mwisho. Mkurugenzi akatia sahihi bila kufungua, maana mtu mzito hafungui, huzindua.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Safu za mbele walikaa mawaziri na wabunge, nyuma wakakaa wenye nchi. Mkurugenzi alitaka kusoma mwenyewe, akachagua kisa cha Samsoni kwa kuwa kinahusu nguvu.

“Samsoni akaenda,” alisoma kwa sauti nene, “akawakamata waheshimiwa mia tatu, akawafunga mkia kwa mkia.”

Huko nyuma mtu alikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mkurugenzi akafunua haraka kurasa za mbele, akaangukia wimbo wa mapenzi, mahali ambapo hakuna siasa.

“Tukamatieni waheshimiwa, wale waheshimiwa wadogo, wanaoiharibu mizabibu.”

Kicheko kilianzia mlangoni kikasogea mbele kama maji ya mafuriko. Waziri alimwita mfasiri, akamuuliza kwa upole wa kutisha nani amefanya haya.

“Ni azimio la kamati, mheshimiwa,” alijibu. Hakukusudia lolote. Lakini ukumbi ulilisikia lile neno la mwisho, na wazee wazima wakashikana mabega wasianguke.

Kufikia wiki iliyofuata neno lilikuwa limeshashika njia zake. Mfugaji mmoja alifika kituo cha polisi kuripoti kwamba mheshimiwa amemlia kuku wote. Askari wa zamu akamuuliza, kwa nia njema kabisa, kama alikuwa na mkia. Mfugaji akasema kulikuwa na giza, hawezi kuapa. Jalada likafunguliwa dhidi ya wote wawili, mfugaji na askari, kwa kuwakashifu viongozi.

Wizara ilitoa waraka wa dharura: mbweha arudi kuwa mbweha, mara moja. Mfasiri akamrudisha kila mahali, kwa raha ambayo hakuionyesha usoni. Biblia ikachapwa upya, na mtawala yule wa kale akaitwa alivyostahili kuitwa.

Watu, hata hivyo, hawakupokea waraka. Kikao cha bajeti kilipofunguliwa, mbele ya wageni na kamera, mshereheshaji aliwaomba waheshimiwa wote wasimame watambulishwe.

Hakusimama hata mmoja.