Kusafishwa kwa Tangi la Sultani wa Lita Arobaini

Sogeeni, enyi wenye masikio, wekeni chini vikombe vyenu, na mwenye kukohoa akakohoe nje, kwani habari hii yataka kimya! Nawasimulia habari za Mnadi, simba wa sauti, ambaye akinadi godoro sokoni, watu wa mtaa wa pili hufungua mikoba. Na jinsi alivyosafisha tangi la samaki wa mama mkwe wake bila kumshtua samaki huyo.

Mara ya kwanza, ole wake! Alimvua samaki kwa chujio la chai, akasugua vioo huku akiimba, akamwaga maji yote na kutia mapya ya bomba. Sultani wa Lita Arobaini, samaki mwekundu mwenye mkia kama pazia, akajificha nyuma ya jiwe siku tatu, hataki kula. Mama mkwe naye akasusa meza, na sasa ilikuwa wiki ya pili anakula chumbani. Mtu mzima, jamani! Mnadi aliumia, tena sana.

Basi Jumamosi asubuhi akasimama mlangoni pa chumba cha mama mkwe, ndoo mkononi, akahutubia kwa mnong'ono: "Ewe mama uliyenipa mke, nipe na nafasi ya pili! Maji haya yamelala ndooni tangu jana, ukali wa dawa ya bomba umeisha, wala si ya baridi kuliko yale ya tangini. Sultani simwondoi mahali pake. Nitapunguza theluthi tu, naapa!"

"Maneno mengi," akasema mama mkwe. "Zima taa ya tangi. Na ukipiga kelele utanitambua."

Taa ikazimwa. Mpira wa kunyonyea maji ukazama, na majeshi ya uchafu yakatekwa moja moja hadi ndooni. Sifongo la chujio la tangi akalisuuza kwa maji yale yale ya zamani. Mkono uliozoea kugonga nyundo ya mnada ukapita kiooni taratibu, na Sultani akautazama asikimbie.

Ndipo akaja adui: chafya. Na chafya ya Mnadi si mchezo. Iliwahi kuangusha kabati alilokuwa akilinadi. Mashavu yakamvimba, macho yakamtoka. Mama mkwe, ambaye tangu harusi hakuwahi kumpa zaidi ya ncha za vidole akimsalimu, akaruka kutoka kitini, akamkamata pua na kuibana kwa nguvu zote. Wakasimama hivyo, mkwe na mkwe, machozi yakimtiririka shujaa, hadi chafya ikakata tamaa.

Maji mapya yakamiminwa polepole juu ya kisahani ndani ya tangi. Wakangoja. Sultani akazunguka jiwe, akapanda, akadonoa chembe ya chakula. Akadonoa tena. Na tena.

"Mara ya tatu," akanong'ona Mnadi, akagonga goti lake kwa kidole kimoja. "Imekwenda!"

Mchana ule mama mkwe akatoka chumbani na sahani yake, akavuta kiti mezani.

"Nipakulie, mwanangu," akasema. "Na hiyo pua uipake mafuta."

Iandikwe, basi, vizazi visome: siku ile samaki alikula, na mama mkwe naye akala.