Nimedai Bwana wa Wenyewe Kortini

Leo nimeaibika mbele ya serikali.

Wasichana wa bweni letu la zamani, nawaandikia kutoka saiba, kwa kompyuta ya kukodi, hapa Kitengela. Bado niko na kitambaa cheusi kichwani na vumbi ya Kajiado kwa viatu. Nikifika nyumbani kabla sijaambia mtu, nitapasuka. Kaeni chini.

Mnajua Joseph Mutua wangu alituacha. Mbao iliteleza kwa mjengo huko Athi River, akaanguka, basi. Wengi wenu mlikuja matanga. Chenye hamjui ni vile shemeji yangu Wambua, yule mdogo wa Mutua aliyelia kaburini mpaka akashikwa na wanaume (mimi mwenyewe nilimpa maji), alienda korti ya Kajiado kuomba apewe mali ya ndugu yake. Mali yenyewe ni plot hapa Kitengela na nyumba ya mabati, ambayo mimi na Mutua tulijenga na mikono yetu, yeye akipiga misumari, mimi nikishikilia mabati. Chifu ndiye aliniita akanipa habari.

"Mama, shemeji yako ameapa ati marehemu hakuwa na mke."

Hakuwa na mke! Na mimi nilikuwa nani kwa hiyo nyumba, kalenda?

Shida ni kwamba hatukuenda kanisani wala kwa DC kuandikisha ndoa. Mutua alipeleka kwetu mbuzi za ntheo, wazee wakala, na kwetu Wakamba hapo umeolewa kabisa. Lakini mbuzi haitoi cheti. (Na ikishaliwa haitoi ushahidi pia.) Chifu akanishauri niende siku ya kesi, nisimame, nipinge. "Ukinyamaza, mama, hiyo plot imeenda."

Kwa hivyo siku hizi zote nimekuwa nikipinga. Nimepinga nikipika. Nimepinga nikifua. Jirani yangu Mama Naserian, yule Mmasai anayeniletea maziwa, ndiye alikuwa hakimu wangu. Anakaa kwa mtungi wa maji, ananiangalia kutoka juu mpaka chini, anasema, "Hapana. Hiyo ni sauti ya kuomba chumvi. Pinga kama mtu amechukua ng'ombe yako."

Asubuhi tukaenda Kajiado, yeye na shuka yake nyekundu, mimi na nguo ya matanga. Huko kila mtu anamjua. "Takwenya!" "Iko!" "Takwenya!" "Iko!" Salamu mpaka nikaona tutachelewa. Tulipofika kortini akasema anatafuta choo, nitangulie. Nikatangulia. (Hapo ndipo ningeshika nguzo nikangoja.)

Kulikuwa na karatasi zimebandikwa ukutani, kesi za leo, na watu wamezisonga kama mlango wa posho mill. Nikaingiza kichwa kwapani mwa mzee fulani, nikaona: mali ya marehemu Joseph Mutua, korti namba moja. Sikusoma tena. Ningesoma nini? Bwana yangu ni mmoja.

Nikaingia, nikakaa bench ya mwisho kando ya mwanamke mwembamba aliyepakata msichana mdogo wa sare ya shule. Tukasalimiana. Nikatafuta Wambua kwa macho. Hayuko. Nikasema moyoni, mwizi huyo anajificha.

Karani akaita, "Mali ya marehemu Joseph Mutua!"

Kabla sijainuka, huko mbele akasimama mama mmoja mnene, wa heshima zake, sweta ya buluu, kitambaa cha kanisa, vijana watatu wakubwa wakimshika huku na huku. Hakimu akamwuliza yeye ni nani kwa marehemu.

"Mimi ndiye mke wake, Mheshimiwa. Wa pekee."

Jamani. Ikaniingia mara moja: Wambua ameona kusema hakuna mke haitoshi, ameenda akakodisha mke! Amekodisha mama mzima, na watoto juu! (Na kwa siri nikaumia roho: ati hata wa kukodisha, si angetafuta wa rika langu?)

Nikapinga.

"Napinga! Huyo mama ni wa bandia!" Nilipinga kama ng'ombe zote za Kajiado zimeibwa. "Mheshimiwa, huyo ni wa kununuliwa! Mimi ndiye bibi ya Mutua! Mimi ndiye nilikuwa nalala na Mutua, Kitengela, mpaka siku ya kifo chake!"

Karani akaacha kuandika.

Nataka mjue kitu. Tangu tumzike, sijawahi kusema hayo maneno kwa sauti, ati mimi ni bibi ya Mutua. Watu wanasema pole, wanasema mama, wanasema mjane. Nilipoyasema, machozi yakashuka yenyewe, ya kweli, hata siku ya mazishi sikulia hivyo. Kwa hivyo mtu yeyote aliyeniangalia aliona mwanamke aliyefiwa na bwana. Na hiyo ndiyo iliharibu mambo.

Yule mama aligeuka polepole. Hakuniangalia mimi, aliangalia vijana wake.

"Kitengela," akasema. "Si niliwaambia? Si niliwaambia kuna kitu Kitengela?"

"Mama, baba alikuwa mzee wa kanisa!" kijana mkubwa akasema.

"Mzee wa kanisa wa Kitengela! Kila akipeleka nyanya sokoni Nairobi, lori inaharibika Kitengela! Lori gani hiyo inajua mahali pa kuharibika?"

Nyanya? Mutua wangu na nyanya, wapi na wapi? (Mtu mwenye akili angekaa chini hapo.) Mimi nikaongeza, "Na tukajenga nyumba na yeye!"

"Na nyumba!" Mama akavua kiatu.

Askari alimwahi akiwa katikati ya viti. Hakimu, mzee wa miwani, akagonga meza mpaka kalamu ikaanguka.

"Wewe mama wa nyuma. Marehemu alikufa vipi?"

"Alianguka kwa mjengo, Mheshimiwa. Athi River. Alikuwa fundi wa mbao."

Akafungua faili. Akasoma. Akaniangalia juu ya miwani.

"Huyu marehemu alikuwa mkulima wa nyanya na vitunguu kule Kimana. Alikufa na ugonjwa wa sukari, hospitalini. Alikuwa na wajukuu. Wako alikuwa na wajukuu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Wangu hakuwa hata na mvi."

Nikasema kwa ile sauti ya kuomba chumvi, "Mheshimiwa, nafikiri Mutua wako wawili."

Walicheka. Karani alicheka, askari alicheka, mawakili walicheka wamefunika mdomo na faili. Mahabusu mmoja wa pingu alifuta machozi na mikono yote miwili, maana hakuwa na njia nyingine. Hakimu mwenyewe aliinama ati anatafuta kalamu, akakaa huko chini muda.

"Njoo umwombe huyu mama msamaha," akasema alipotoka huko.

Nikatembea mpaka mbele. Hiyo ni safari ndefu kuliko ya Kajiado. "Mama, nisamehe. Si bwana yako. Nilikuwa nadai wangu."

Akanishika mikono yote, kiatu bado kiko hapo katikati, akaanza kulia. "Asante Yesu. Asante Yesu. Watoto wangu, nimemkosea baba yenu kaburini." Vijana wakamkumbatia. Hata mimi nikakumbatiwa kidogo. Ingeishia hapo, ningerudi nyumbani na aibu ya kawaida tu.

Yule mwanamke mwembamba wa bench ya mwisho akasimama.

"Mheshimiwa, mimi nilikuja kusikiliza tu. Nilikuwa nimeamua sitasema kitu. Lakini huyu mama amenipa nguvu." Na kidole, wasichana, kidole kilikuwa kinanionyesha mimi! "Mimi pia natoka Kitengela. Na mimi sijakosea korti. Wangu alikuwa wa nyanya."

Hakuna aliyecheka.

Mama wa Kimana aliachilia mikono yangu. Hakunisukuma. Aliachilia tu, kidole kimoja kimoja, akiangalia yule msichana wa sare. Vijana watatu pia walikuwa wanamwangalia. Uso wa mtoto na nyuso zao zilikuwa kitu kimoja, mtu hakuhitaji wakili kuona.

Hakimu akavua miwani, akaniambia polepole, "Mama, Mutua wa pili ameandikwa korti namba mbili. Tafadhali. Enda."

Nikakimbia. Korti namba mbili iko ng'ambo ya veranda, madirisha yanatazamana, na kwa sababu ya joto yote yalikuwa wazi. Nilipoingia, kila kichwa kikageuka. Wambua alikuwa mbele, amevaa koti ya Mutua, ile tuliyonunua ya kwenda harusi za watu. Katikati ya korti amesimama Mama Naserian na shuka yake. Hakimu wa huko ni mwanamke. Akaniangalia.

"Wewe ndiye ile sauti?"

"Sauti gani, Mheshimiwa?"

"Ya anayelala na Mutua, Kitengela."

Ningefanya nini? "Ndiyo, Mheshimiwa. Ni mimi."

Mama Naserian amenieleza baadaye. Alitoka choo, akaona Wambua anaingia namba mbili, akamfuata akidhani niko ndani. Kesi ikaitwa. Hakimu akauliza kama kuna mtu anapinga. Wambua akajibu, "Hakuna, Mheshimiwa. Marehemu hakuwa na mke." Mama Naserian akaruka juu: "Iko! Bibi iko!" Akaulizwa, "Yuko wapi?" Na wakati huo huo sauti yangu ikaingia na dirisha, yote, bila kupungua neno. Mama Naserian akaonyesha dirisha. "Hiyo."

Hakimu akamgeukia shemeji yangu. "Bwana Wambua, huyu mama unamjua?"

Wambua akaangalia viatu. (Vya Mutua pia.) "Namjua."

"Ni nani?"

Wambua akafunga kifungo cha koti.

"Bwana Wambua, uliapa hapa."

"Ni bibi ya ndugu yangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayeumwa na jino.

Sikushinda, kwa hivyo msipige vigelegele. Wambua hatapewa kitu kwa sasa. Mimi nilete pingamizi kwa maandishi, na nilete wazee waliokula zile mbuzi. Wazee wengine wameshakufa, na wa maana zaidi amepoteza kumbukumbu, anamwita kila mtu Nduku. Plot haijaenda, lakini haijarudi. Wambua amepita kando yangu mlangoni, na lile koti limenuka kwapa lake. Harufu ya Mutua imeshatoka. Hiyo imeniuma kuliko kesi.

Huko nje nilimkuta mama wa Kimana ameketi kwa ngazi peke yake, amevaa kiatu kimoja. Yule mwanamke mwembamba alikuwa mbali chini ya ukuta, anamfunga mtoto sweta. Nikataka kupita nikiwa nimeinama. Yule wa ngazi akaniita.

"Wako alikuwa na mwingine?"

"Sijui, mama."

Akafikiria. "Usitafute," akasema, na akaanza kuvaa kile kiatu kingine.

Nimetoka Kajiado mpaka hapa na Mama Naserian kando yangu anacheka tu mpaka anashika mbavu. Mnaweza kucheka pia, lakini msiwaambie mabwana zenu. Na siku mtaenda kulilia marehemu kortini, ulizeni kwanza kama ni wenu. Halafu msiulize zaidi.