Mbinu za Kufeli Kuchomelea

Jumatatu, 25 Novemba
Balaa! Tangazo jipya mlangoni mwa karakana ya chuo cha wilaya: kuanzia muhula huu, atakayefaulu somo hataruhusiwa kulirudia. Mimi Vernon Hruska somo la kuchomelea vyuma nimelisoma mara thelathini na moja. Nimefaulu zote. Mjinga mimi!

Nilikuja hapa majira ya baridi ya mwaka themanini na tano, benki ilipochukua shamba langu la mahindi. Tulikuwa wakulima kumi na wanne, wote tumefilisika, wote tunajifanya tumefuata ufundi tu. Marehemu Mzee Pavelka alitufundisha huku anatafuna kolachi, vile vimkate vitamu vya plamu, sukari imemjaa ndevuni. Tulicheka vile! Hata sikumbuki tulicheka nini. Leo tumebaki wawili, mimi na Delbert Zumbrun. Bila karakana nitakaa nyumbani nitazame theluji. Siwezi. Kwa hiyo lazima nifeli.

Delbert kasema nisijisumbue, kufeli ni kipaji, mimi sinacho, yeye anacho. Mpuuzi yule.

Jumatano, 27 Novemba
Nimefanya mazoezi ya kufeli ghalani kwangu. Nimechomelea kwa mkono wa kushoto: mshono wa chuma umenyooka. Jicho moja nimefumba: umenyooka zaidi. Mikono gani hii!

Delbert kapita na pikapu yake, kaona, kacheka mpaka kashika mlango. Kaahidi nikishaondoka atatundika koti lake kwenye msumari wangu pale karakana. Msumari wangu! Nimetundika koti pale tangu enzi za Pavelka! Haiwezekani. Sasa nina mpango wa pili: mimi nifeli, yeye afaulu.

Alhamisi, 5 Desemba
Mtihani. Nimelitoboa bamba langu tundu la kupita kidole. Aibu tupu. Nimemwomba radhi marehemu kimoyomoyo.

Delbert alipotoka kufuata kahawa, na mwalimu yuko kwenye simu, nikauvamia ule mshono wake mchafu nikaurekebisha. Nilitaka kidogo tu, apate C, afaulu. Mkono ukanogewa.

Ijumaa, 6 Desemba
Mwalimu wetu Marisol, binti mdogo ila jicho kali, kaliinua bamba la Delbert. Kasema mkono huu anaujua hata akifumbwa macho, na wazee wake waache utoto. Bamba zuri kanipa mimi, na A juu yake. Lile lenye tundu kampa Delbert. Kafeli! Kacheza dansi katikati ya karakana kwa magoti yake mabovu yale. Nimekwisha.

Jumatatu, 9 Desemba
Nimekwenda kuchukua koti na glavu. Nikakaa kidogo kwenye benchi letu la zamani. Nikawataja wale kumi na wanne mmoja mmoja, wawili majina yao yamenitoka. Imeniuma sana.

Delbert kaja, kakaa, hakutania. Baadaye kauliza sasa atagombana na nani. Vijana wote wanamwita bwana na kumpisha mlangoni, hakuna hata mmoja wa kumtukana. Nikataka kumkumbatia. Nikamwambia buti zake zinanuka. Akafarijika.

Kumbe waliofeli wanapewa mtihani wa marudio, Alhamisi. Delbert atafeli tena, abaki. Kaniomba nikakae pembeni yake, asifeli peke yake.

Alhamisi, 12 Desemba
Mungu wangu, mtu anachomelea vibaya! Nimevumilia dakika nne. Nikamnong'oneza ashushe mkono. Nikamnong'oneza apunguze mwendo, asikilize, mlio uwe wa nyama kikaangoni, kama alivyotufundisha Pavelka. Delbert, mtu ambaye hajawahi kumsikiliza yeyote, leo kasikiliza.

Mshono ukalala vizuri mwanzo hadi mwisho. Mkono wake mwenyewe! Marisol kampa B. Miaka yote hii Delbert anaambulia C za huruma. Machozi yakamlenga, akasema laiti Pavelka angeuona. Tukasimama tunautazama, wazee wawili wazima.

Halafu akakumbuka kwamba aliyefaulu harudi. Kanitukana kutoka karakana mpaka maegesho ya magari.

Jumatatu, 13 Januari
Tumeanza somo la ushonaji wa nguo, mimi na Delbert, kwenye chumba kinachopakana na karakana. Ukitega sikio ukutani unawasikia vijana wakichomelea. Wanakwenda mbio mno.

Leo tumeshona foronya. Delbert ana wasiwasi. Kauliza tukifaulu na hapa, tutakwenda wapi tena. Nimemwambia atulie, safari hii tunafeli mapema, wote wawili, mambo yote aniachie mimi. Ila kwanza ninyooshe huu upindo wake, umekwenda upande vibaya.