Mitungi Kumi na Minane ya Mjane

Sabuni hakuwa mwizi. Mwizi huamka mapema, hubeba vitu vizito, tena hukimbia. Sabuni hakupenda hata kimoja kati ya hivyo. Yeye alikuwa mtu wa maneno. Waliomwita Sabuni ni wale waliojaribu kumshika wakabaki mikono mitupu, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Jumatatu asubuhi alikuwa amesimama juu ya tofali, anachungulia uani kwa watu. Mtu mwenye heshima zake hafanyi hivyo bila sababu, na sababu alikuwa ameiona: mitungi kumi na minane ya hewa, ile ya alumini ambayo wapiga mbizi huvaa mgongoni, imepangwa ukutani, rangi yake ya manjano imechubuka. Mwenye mitungi alishafariki. Aliyebaki ni mjane wake, mama mtu mzima, na wakati huo alikuwa anaanika shuka bila habari na ulimwengu.

Sabuni akaihesabu mitungi mara mbili. Wiki iliyotangulia afisa ununuzi wa hoteli moja, bwana mwenye tamaa ya kutosha watu watatu, alikuwa amemnong'oneza: "Nitafutie mitungi iliyotumika. Iparue rangi yote, alumini ibaki uchi, nije nisome namba zilizogongwa begani mwa mtungi, chini ya koki. Halafu uipake bluu. Mimi kwenye karatasi naandika mipya, na kilichobaki tunajuana."

Sabuni alishuka kwenye tofali, akakimbia nyumbani kuvaa koti jeupe la shemeji yake, akachomeka kalamu mfukoni, akarudi kwa mlango wa mbele.

"Hodi, mama! Mimi mkaguzi wa mitungi."

"Mkaguzi wa wapi?"

"Wa usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wako, mama yangu."

Akakaribishwa. Aliigonga mitungi kwa kalamu, akaitegea sikio kama daktari, akatikisa kichwa. Kwa siri alilegeza koki ya mmoja: fsss, hewa ikatoka. Mzima! Nusura acheke. Badala yake alishusha pumzi ndefu.

"Pole sana, mama."

"Kwani amekufa nani?"

"Hii. Yote. Alumini imechoka, ndani imeliwa. Siku ya jua kali mmoja ukipasuka, ukuta huu utaufuata mtaa wa tatu."

"Mungu wangu! Na mimi naanika nguo hapa kila siku!"

"Ndiyo maana nimekuja. Nitakuondolea bure, kwa moyo wangu tu."

Mjane akaketi kwenye ngazi, akaanza kulia. Alilia vizuri, kwa kituo, akijifuta kwa ncha ya khanga. "Marehemu aliniambia mitungi hii ndiyo itakayonilisha. Nikiitoa hivi hivi atanijia ndotoni, mwanangu, ninavyomjua. Huko kazini kwako huna hata kimashine cha upepo? Nikae pale njia panda nijaze watu matairi, nipate cha kuweka sufuriani."

Hapo Sabuni alisita. Tumpe haki yake: alisita kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Kompresa ilikuwepo, ila si yake. Ilikuwa ya shemeji, mume wa dada yake, fundi rangi wa magari, na ndiyo iliyowalisha wote, Sabuni mwenyewe akiwemo. Shemeji alikuwa safarini hadi Ijumaa. Tena dada alishamwambia, mkono kiunoni: "Ukigusa tena kitu cha mume wangu, chumba cha nyuma usahau. Utatafuta dada mwingine." Lakini kufikia Alhamisi mitungi itakuwa imeshauzwa, na shemeji atakuta kompresa mpya, kubwa kuliko ile. Atashukuru, maskini!

Walibadilishana siku hiyo hiyo. Mkokoteni ulipokuwa umepakiwa, mjane alimshika mkono getini, majirani wakitazama.

"Kweli ni mibovu, mwanangu? Nisije kusemwa kesho nimemdhulumu mtu."

"Mama, naapa mbele ya majirani zako hawa. Mibovu kabisa."

"Jamani, mmesikia?"

Walisikia wote.

Sasa, kuparua mtungi wa alumini si kama kusugua sufuria. Moto hautakiwi, maana joto linaua nguvu ya mtungi. Magadi makali hayatakiwi, yanaila alumini yenyewe. Msasa wa mashine nao usiutaje. Unapaka dawa ya kutolea rangi, unaufunika mtungi kwa nailoni, unasubiri, kisha unakwangua taratibu kwa kipande cha ubao. Ni kazi ya mtu mvumilivu, na Sabuni hakuwa amefanya kazi yoyote tangu alipoacha shule. Akavaa glavu za dada za kuoshea vyombo, akapiga chafya, akatukana, akakwangua. Rangi ilinyanyuka kama utando wa maziwa. Chini yake alumini iling'aa, naye akaanza kuimba.

Wimbo ulikatikia begani mwa mtungi wa kwanza. Palikuwa na kiraka cha kijivu. Alikijua, kila mtu wa karakana anakijua: pasta, ile ya kuzibia mabonyeo ya magari. Akaichokonoa, ikabanduka kipande kizima. Chini yake, juu ya namba, palikuwa na misalaba miwili iliyogongwa kwa chuma.

Hata Sabuni aliijua maana yake. Mtungi ukishindwa kipimo, mpimaji huugonga misalaba ili asitokee mtu wa kuujaza tena, maana ukijazwa unaweza kupasuka na kumuua aliye karibu. Akakimbilia wa pili. Misalaba. Wa tatu, misalaba. Siku mbili alikwangua huku anaomba Mungu, na wa kumi na nane ukamjibu kama wenzake. Na ile fsss? Hewa kidogo tu ya pampu ya baiskeli.

Afisa ununuzi alipofika Alhamisi alitazama bega moja, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Kaka, ipake tu," Sabuni akambembeleza. "Nani atajua?"

"Wewe, mimi mla rushwa, si muuaji!" Akaondoka bila kuaga.

Sabuni akatoka mbio mpaka njia panda. Kompresa ilikuwa inanguruma, pikipiki zimepanga foleni, mjane amekaa kwenye kiti cha kukunja, mpira wa upepo mapajani.

"Mama! Umenipa mitungi mibovu!"

"Kwani nilikwambia mizima?" Mjane hakuinua hata sauti. "Wewe ndiye uliyeniambia. Ukaapa. Nikasema moyoni, leo nimempata mkaguzi mkweli."

Majirani waliokuwa kwenye foleni wakacheka hadi wakashikana mabega. Sabuni akageuka, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Ijumaa shemeji akarudi, akakuta mitungi kumi na minane inang'aa pale ilipokuwa kompresa yake. Sabuni alieleza yote akiwa amepiga magoti. Dada alikwishaanza kukunja nguo za kaka yake.

"Ngoja, mke wangu," shemeji akasema. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. "Yule ni mama mtu mzima. Nitakwenda kwa adabu nimweleze kwamba mashine ni yangu. Nachukua na bunduki ya kupulizia rangi, aone kazi yangu ni nini."

"Sawa," dada akamwambia Sabuni. "Ikirudi kompresa, umepona. Isiporudi, usiku wa leo hulali humu."

Saa mbili zikapita. Sabuni alikaa kizingitini, macho barabarani. Mwisho shemeji akatokea na mkokoteni, anapiga mluzi, mzigo umefunikwa turubai. Sabuni akaruka kwa furaha, akalivuta turubai. Mitungi sita ya manjano.

"Kompresa iko wapi?" dada akauliza.

"Sikiliza kwanza. Mama wa watu amelia mpaka nimemhurumia. Kumbe alichanganya! Mizima yote ilikuwa ndani, chini ya kitanda. Hii sita peke yake inanunua kompresa kumi. Amenipa yote, nami nimemwachia tu bunduki ya rangi, maana kompresa bila bunduki haijakamilika."

"Ulikaa kwake muda gani?" Sabuni akauliza polepole.

"Si sana. Alinikaribisha chai, akaingia ndani kuitoa."

Sabuni aliinama kwenye mtungi wa juu, akabonyeza bega kwa kidole. Kidole kikazama. Alipokitoa kilikuwa na pasta mbichi, imechanganyika na rangi ya manjano. Shemeji, aliyepaka pasta hiyo hiyo miaka ishirini, alikinusa kidole kile, kisha akakaa chini.

 Dada aliingia chumba cha nyuma, akatoka na godoro la kaka yake, akalitupa nje. Halafu akaingia chumbani kwake, akarudi na mto wa mumewe.